Dramu Chumbani Kijenge: Programu Ipi kwa Biti Ipi

Seti ya dramu, ile ya kanisani au ya bendi, ina kelele za kumwamsha hata jirani wa nyumba ya tatu. Kwenye vyumba vya kupanga vya Kijenge, Arusha, ambako familia mbili hutenganishwa na ukuta mmoja na dari huwa moja kwa nyumba nzima, mwenye seti hiyo angepewa notisi kabla ya wiki kwisha. Halafu kuna bei ya seti yenyewe, kuna nafasi ya kuiweka, na kuna maikrofoni: anayetaka kuirekodi vizuri huhitaji nane au zaidi, kila moja na waya wake. Si ajabu basi kwamba biti nyingi zinazotengenezwa majumbani hazijawahi kuguswa na fimbo ya dramu. Anayepiga ni kompyuta.

Eneo hili si geni katika mambo hayo. Kijenge ndiko linakotajwa kundi la hip hop la Watengwa, la akina JCB, na ng'ambo ya pili ya mji, Ngarenaro, ndiko lilikotoka jina la kundi la Nako 2 Nako. Miaka ya karibuni Weusi, kundi la akina Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na Lord Eyes, wameibeba hip hop ya Arusha hadi Dar es Salaam na kuirudisha. Kabla yao kundi la X Plastaz lilikwisha kuipeleka Ulaya: albamu yake ya Maasai Hip Hop ilitolewa mwaka 2004 na lebo ya Ujerumani. Zamani hizo studio mjini zilihesabika kwa vidole, na kijana asiye na pesa alitegemea miradi kama ya Aang Serian, iliyokuwa na studio kwa ajili ya vijana. Leo studio ni laptopu, hedifoni na meza. Swali limehama kutoka "nitarekodi wapi" hadi "niweke programu gani", na kwenye dramu swali hilo lina majibu mengi kiasi cha kumchanganya mtu.

Majibu yapungue namna gani? Kwa kuanza na biti badala ya programu.

Programu za dramu, kwa ufupi, ziko za aina mbili. Ya kwanza ni sampla: unaipa sauti fupi fupi zilizorekodiwa, yaani kiki, sneya, haihati, makofi, chochote, na yenyewe inazipiga pale unapotaka. Ya pili ni mpiga dramu kamili. Watengenezaji wake wameingia studio kubwa na seti halisi, wakampa mpigaji fimbo, wakarekodi kila pigo kwa nguvu tofauti, kisha wakafungasha vyote pamoja na mitindo ya kupiga iliyo tayari. Aina ya kwanza haijifanyi mtu. Ya pili kazi yake yote ni kumdanganya msikilizaji kwamba kulikuwa na mtu.

Mgawanyiko huo una umri. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya LM-1, ya kwanza kupiga dramu za kweli zilizorekodiwa kidijitali. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na zilitengenezwa kama 500 tu. Mwaka huo huo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808, ambayo sauti zake hazikurekodiwa popote. Zilizalishwa na saketi za ndani. Wanamuziki wa wakati ule waliiona 808 kama kichekesho, maana kiki yake haikufanana na kiki yoyote duniani. Roland iliacha kuitengeneza mwaka 1983 baada ya kuuza takribani 12,000. Zikashuka bei madukani, zikaangukia mikononi mwa vijana wa New York wasiokuwa na uwezo wa kununua ya Linn, na sauti ile iliyochekwa ndiyo inayotikisa spika za daladala za Arusha hadi leo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba programu bora ni ile yenye "sauti halisi" ana haki ya kuuliza: halisi kwa muziki upi?

Kwa hip hop, Bongo Fleva, amapiano na singeli, sampla inatosha, na mara nyingi mtu tayari anayo. FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ilianza kama safu tu ya vibonyezo 16 kwa kila chombo: bonyeza cha kwanza, kiki inalia mwanzo wa mkondo, bonyeza cha tano na cha 13, sneya inajibu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kupata mdundo ndani ya dakika kumi, na hii ni sababu kubwa ya programu hiyo kuenea vyumbani kote Afrika Mashariki. Ndani yake mna sampla iitwayo FPC, yenye vibonyezo vya kupigwa kwa vidole, ambayo wengi huipita wakikimbilia kutafuta plagini za nje.

Mfano mzuri zaidi uko Afrika Kusini. Ule mdundo mzito wa besi unaoitwa logi dramu, ambao ndio mhuri wa amapiano na sasa umejaa katika nyimbo za Tanzania, ulitokana na sauti iliyokuwa imekaa ndani ya FL Studio yenyewe, katika kinanda chake kidogo cha DX10. Hakuna aliyenunua maktaba ya gigabaiti mia mbili. Kuna watu walioifungua plagini ya zamani iliyopitwa na wengi, wakaivuta chini na kuipiga kama ngoma.

Singeli inatoa somo la upande mwingine, la kasi. Maprodyuza wa Dar es Salaam kama Sisso na Duke, ambao kazi zao zilivuka mipaka baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017, hupiga mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, wengine wakikaribia 300. Tufanye hesabu kidogo. Kwenye hip hop ya mapigo 90, pigo moja linachukua theluthi mbili za sekunde, na robo ya pigo, ile nafasi ya haihati za haraka, ni kama milisekunde 167. Kwenye singeli ya mapigo 240, pigo zima ni robo ya sekunde na robo yake ni milisekunde 62 na ushei. Sasa chukua sneya iliyorekodiwa katika ukumbi mkubwa wa Ulaya, yenye mwangwi wa sekunde moja na nusu. Kabla haijanyamaza, mapigo mengine sita yamekwisha kuja juu yake. Kinachosikika ni uji. Singeli inataka sauti kavu na fupi, zinazolia na kukatika papo hapo, na sauti za namna hiyo ni nyepesi, ni za bure, na zinaingia katika simu.

Programu kubwa, zile za mpiga dramu kamili, ni za nani, basi? Ni za wenye bendi na za kwaya.

Arusha ni mji wa kwaya. Nyingi zimerekodi kwa miaka kwa kutegemea midundo iliyomo ndani ya kinanda cha Yamaha, na sikio la Mtanzania limekwisha kuizoea hata ikawa na ladha yake ya injili. Lakini kwaya inayotaka wimbo wenye utulivu mwanzoni, kisha kupanda, kisha kuingia sebene, hukwama pale, kwa sababu mdundo wa kinanda una nafasi ndogo ya kubadilika. Hapo ndipo mpiga dramu wa kompyuta anapolipa gharama yake.

Siri yake ni mambo mawili. La kwanza ni nguvu ya pigo. Lugha ya MIDI, ambayo vyombo na kompyuta zimezungumza tangu mwaka 1983, inaipa kila noti nguvu kati ya 1 na 127. Programu duni hupandisha tu sauti ile ile. Programu nzuri hubadilisha rekodi: pigo la 30 ni fimbo iliyogusa sneya taratibu, pigo la 120 ni mkono ulioshuka kwa hasira, na hizo ni sauti mbili tofauti kabisa. La pili ni kubadilishana zamu. Kwa kila kiwango cha nguvu hurekodiwa mapigo kadhaa yanayokaribiana, na programu huyapiga kwa zamu ili sneya nane zinazofuatana zisilie kama bunduki ya rashasha. Ukitaka kuijaribu programu yoyote kabla ya kuipenda, piga sneya hizo nane kwa nguvu moja, ufumbe macho usikilize.

Kampuni ya Toontrack ya Uswidi ndiyo inayotajwa zaidi hapa. EZdrummer 3 yake ilitoka mwaka 2022, inachukua kama gigabaiti 18 na inauzwa zaidi ya dola 100. Ina kitu kinachoitwa Bandmate: unaipa rekodi ya gitaa au kinanda, nayo inapendekeza midundo inayoendana. Kaka yake mkubwa, Superior Drummer 3 wa mwaka 2017, alirekodiwa katika Galaxy Studios nchini Ubelgiji na fundi mashuhuri George Massenburg. Sauti zake ghafi zinafikia gigabaiti 230 na bei yake imekuwa karibu dola 400. Addictive Drums 2 ya XLN Audio, nao ni Waswidi, ni nyepesi kuliko zote mbili na inapatikana kwa vipande, mtu ananunua seti anayoitaka tu.

Gigabaiti 230 ni nini kwa mtu wa Kijenge? Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyopumzika wala kukatika, ni saa 51 za kupakua, na kwa bando la simu ni hasara tupu. Kwa kasi hiyo hiyo EZdrummer inashuka kwa saa nne. Superior inaruhusu kusakinisha sehemu ndogo tu ya maktaba, lakini anayelipa dola 400 ili atumie sehemu ndogo afadhali angenunua ile ndogo kuanzia mwanzo.

Kasoro kubwa ya programu hizi, kwa muziki wetu, iko kwenye midundo yao iliyo tayari. Maghala yao yamejaa roki, popu, jazi na metali. Kuna vifurushi vya nyongeza vya muziki wa Kilatini, lakini anayetafuta sebene la kusindikiza pambio, ama mtindo wa dansi wa bendi ya Msondo Ngoma, asitegemee kuukuta kwenye menyu. Atautunga mwenyewe, noti kwa noti, akimsikiliza mpiga dramu wa kweli: haihati inayotembea bila kuchoka, sneya inayocheza pembeni ya pigo badala ya kuligonga katikati, kiki isiyojaza kila nafasi. Kazi hiyo ni ya jioni kadhaa. Anayeimaliza ana faida asiyoipata mwenye kuburuta midundo ya Uswidi, kwa kuwa mdundo wake hauko kwenye kompyuta ya mtu mwingine yeyote.

Asiye na dola hata moja hajakosa. MT Power Drum Kit 2 ni ya bure, ni ndogo, ina seti moja inayopiga kwa nguvu na midundo yake ya kuanzia. Steven Slate Drums ina toleo la bure lenye sauti zilizokwisha kupikwa, zinazoelekea roki. Sitala ni sampla ya bure yenye nafasi 16 na vifundo vichache sana, na huenda ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Wanaotumia Linux kwenye kompyuta za zamani wana Hydrogen, inayofanya kazi pia kwenye Windows, na DrumGizmo yenye seti zilizorekodiwa kwa maikrofoni nyingi. Wenye kompyuta za Apple wana GarageBand na mpiga dramu wake ndani, bila malipo. Kwenye simu kuna BandLab, nayo bure, na FL Studio Mobile ya kulipia kidogo.

Kabla ya kupakua lolote kati ya hayo, mashine yenyewe iulizwe. Laptopu za mitumba zenye RAM ya gigabaiti nne bado ni nyingi mjini, na Windows peke yake hula sehemu kubwa ya hiyo. Mpiga dramu wa kompyuta hupakia rekodi zake kwenye RAM. Zikijaa, sauti hukwaruza na kukatika katikati ya wimbo. Dawa ya kwanza ni kuongeza RAM hadi nane, ya pili ni kuhamishia maktaba kwenye diski ya SSD, na ya tatu, isiyogharimu kitu, ni kuzima maikrofoni za ukumbi ndani ya programu. Hizo za ukumbi ndizo zinazokula zaidi, na kwa biti za kasi hazitakiwi hata hivyo.

Wengine hulalamika kwamba wanabonyeza kibodi na sneya inachelewa. Hilo mara chache ni kosa la programu ya dramu. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 1,024 kwa kiwango cha 44,100 huchelewesha kwa milisekunde 23, na vidole huhisi. Ikishushwa hadi 256 inabaki chini ya milisekunde sita. Kadi ya sauti ya nje yenye dereva wake wa ASIO hufanya hivyo bila taabu. Asiyenayo anaweza kutumia ASIO4ALL, ambayo ni ya bure.

Kuna suala la programu zilizokrakiwa, na kulinyamazia kungekuwa unafiki, kwani flashi zenye programu hizo huzunguka kutoka chumba hadi chumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile ile ambayo msanii huitaja wimbo wake unapoibwa, inalinda na programu za kompyuta. Lakini hata kwa asiyejali sheria, hesabu haimsaidii. Programu iliyovunjwa mara nyingi humtaka mtu azime ulinzi wa virusi ndipo aisakinishe, haipati masasisho, na huweza kugoma siku Windows inapobadilika, wimbo wa mteja ukiwa ndani. FL Studio ikinunuliwa mara moja hupata masasisho bure maisha yote. Reaper, programu kamili ya kurekodia, hujaribiwa siku 60 na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kuhusu malipo, kadi pepe ya Visa au Mastercard inayofunguliwa kwenye simu kupitia pesa za mtandao imeondoa kile kisingizio cha kutokuwa na akaunti ya benki.

Tahadhari moja kuhusu FL Studio ya majaribio: inahifadhi kazi, lakini ukiifunga kazi hiyo hutaweza kuifungua tena mpaka ulipe. Biti ya kumaliza usiku mmoja inawezekana. Ya wiki mbili haiwezekani.

Baada ya yote hayo, limebaki jambo ambalo hakuna kampuni ya Uswidi inayoliuza. Wamaasai, ambao sauti zao ndizo zilizowatofautisha X Plastaz na kila kundi la hip hop duniani, kimapokeo hawapigi ngoma. Mdundo wao unatoka kooni, kwenye pumzi za wanaume wanaoitikia kwa sauti nzito, kwenye miguu inayotua baada ya kuruka, na kwenye shanga na vipande vya chuma vinavyogongana mabegani. Ukisafiri hadi Dodoma unakuta kinyume chake: wanawake wa Kigogo wameshika ngoma za muheme mapajani na kuzipiga kwa mikono mitupu. Vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya Sitala au FPC, kimoja kikawa kiki na kingine sneya. Na mtu wa Arusha hahitaji kufika mbali, kwani Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale karibu na Usa River, chini ya Meru, kinafundisha muziki na wanafunzi wake hupiga ngoma za asili.

Kurekodi sauti zako ni kazi ya mchana mmoja. Simu nzuri inatosha kuanzia. Pigo moja hurekodiwa taratibu, kwa wastani na kwa nguvu, na kila kiwango mara nne au tano ili zamu zibadilishane. Chumba kiwe na godoro limesimama ukutani na pazia zito, la sivyo kila sneya itakuja na bodaboda yake. Kisha kila kipande kikatwe pale pale sauti inapoanza. Watu hulidharau hili. Kimya cha milisekunde 20 kikiachwa mbele ya pigo, kwenye hip hop hakuna atakayegundua. Kwenye singeli ya mapigo 240 hiyo ni karibu theluthi ya nafasi yote ya robo pigo, na mdundo mzima utasikika umelewa. Kama mpigaji ni mtu mwingine, aombwe ruhusa na alipwe, na kama ni kikundi cha ngoma ya jadi, sheria ile ile ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi.

Biti ikikamilika huwa inasafiri. Wengi wa Kijenge hutengeneza nyumbani kisha hupeleka kuingiza sauti na kuchanganya katika studio yenye vifaa zaidi, mjini ama Dar es Salaam. Studio hiyo haina lazima ya kuwa na programu ile ile ya dramu, na isipokuwa nayo mradi utafunguka ukiwa bubu. Kwa hiyo kiki, sneya, haihati na kila ngoma itolewe peke yake kama faili la WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri, jina la faili litaje chombo na idadi ya mapigo kwa dakika. Faili kumi za dakika nne, kwa biti 24 na kiwango cha 48,000, upande mmoja tu wa sauti, ni kama megabaiti 350. Mwangwi usiachwe umeganda ndani ya faili; fundi wa kuchanganya atauweka mwenyewe kwa kipimo cha wimbo.